Karakana ya Seremala Anthony Hay Mjini Williamsburg

Mji wa Williamsburg, katika Virginia, ulikuwa makao ya serikali tangu mwaka 1699, zama za koloni la Waingereza, hata 1780, serikali ilipohamia Richmond. Baada ya hapo mji ulififia, na majengo yake mengi yakaungua au yakabomoka. Mwaka 1926 kasisi W. A. R. Goodwin alimvuta tajiri John D. Rockefeller mdogo katika kazi ya kuurudishia mji huo sura yake ya karne ya 18. Majengo 88 ya asili yalitengenezwa. Mengine mengi yaliinuliwa upya juu ya misingi ya kale. Miongoni mwa haya ya pili imo karakana ya Anthony Hay.

Hay alikuwa seremala wa samani. Mwaka 1756 alinunua kiwanja katika Nicholson Street, na karakana yake ikaongezwa hata sehemu moja ikasimama juu ya kijito. Mwaka 1767 alinunua nyumba ya wageni iitwayo Raleigh, akaacha useremala mikononi mwa wengine. Akafa mwaka 1770. Edmund Dickinson, aliyeshika karakana baada yake, aliingia jeshini na kuuawa katika vita vya Monmouth mwaka 1778.

Kuijua sura ya jengo hilo haikuwa kazi nyepesi. Bamba la shaba lililogunduliwa Oxford mwaka 1929 lina picha za majengo makubwa ya mji, wala si za karakana za mafundi. Ramani ya mwaka 1782, iliyochorwa na Mfaransa, huonyesha mahali pa nyumba, lakini haionyeshi kimo wala madirisha yake. Ushahidi mkubwa ulitoka ardhini. Uchimbuzi ulioongozwa na Ivor Noël Hume, mwaka 1959 na 1960, ulifunua misingi na kitanda cha kijito. Katika tope, ambamo hewa haikupenya, mti haukuoza: vilionekana vipande vya samani ambavyo fundi alivitupa kabla hajavimaliza. Jengo likasimamishwa tena katika miaka ya 1960, na hata leo maseremala hufanya kazi ndani yake kwa zana za mkono.

Kazi hii yafanana na ya mhariri wa utenzi wa kale. Mhariri akikuta neno lililoliwa na mchwa, hutia lake katika mabano, ili msomaji ajue lililoandikwa na lililokisiwa. Nyumba haina mabano. Msingi uliochimbuliwa na paa lililokisiwa kwa mifano ya nyumba nyingine hupigwa rangi moja, na macho ya mgeni huyapokea yote kwa imani moja.

Liko pengo jingine lililo zito kuliko la paa. Mwezi Januari 1771 mali ya marehemu Hay ilitangazwa kuuzwa katika gazeti la Virginia Gazette. Katika mali hiyo walikuwamo watumwa 19, na mmoja wao alisifiwa kuwa seremala wa samani hodari sana. Tangazo halikutaja jina lake. Ustadi wake ulitajwa kwa kuwa ulipandisha bei. Wakati huo karibu nusu ya watu wa Williamsburg walikuwa watumwa.

Hapana awezaye kusema ni mkono wa nani uliochonga vile vipande vya kijitoni. Huenda ni wa Hay, au wa mwanagenzi wake, au wa mtu yule aliyeuzwa. Lakini mlangoni jina ni moja tu. Waliojenga upya wametimiza kwa uaminifu mengi ambayo matofali na tope viliyashuhudia. Ila karakana hiyo haisomwi sawasawa mpaka tangazo la mwaka 1771 lisomwe pamoja na msingi wake. Msingi huonyesha mahali kazi ilipofanyika. Tangazo hukumbusha kwamba mwenye karakana na mwenye kazi hawakuwa sikuzote mtu mmoja.