Safu ya Lugha: Gari "halivuti", au linachelewa kuitika?

Dereva wa gari la otomatiki akikanyaga mafuta, gari likasita kidogo kabla ya kuchomoka, husema "halivuti". Neno hilo halifai hapo. Kuvuta ni habari ya nguvu: gari lisilovuta hushindwa na mlima hata pedeli ikandamizwe mpaka chini, na chanzo chaweza kuwa pampu ya mafuta, plagi au kichujio cha hewa kilichoziba. Gari linalosita kisha likaondoka kwa nguvu zake zote linavuta vizuri. Kasoro yake ni kuchelewa kuitika. Kuitika ni kujibu wito, na ndivyo ilivyo hasa. Katika magari mengi ya sasa pedeli haivuti waya wowote: sensa hupeleka taarifa kwenye kompyuta, kompyuta huiamuru mota ndogo ifungue kilango cha hewa cha injini, kisha giaboksi hushuka, tuseme kutoka gia ya nne hadi ya pili. Kila hatua ina muda wake.

Watasema fundi ataelewa tu. Ataelewa akiliendesha mwenyewe. Akiambiwa kwa simu kwamba halivuti, ataanzia kwenye pampu na plagi, na mwenye gari atanunua vipuri asivyovihitaji. Wengine husema "linamisi", nalo ni kosa kubwa zaidi, kwa kuwa kumisi, neno tulilolitoa kwa Waingereza, ni kwa injini inayotetemeka kwa sababu silinda mojawapo haichomi mafuta sawasawa.