Yai la Kent: Nani Aliyekibomoa Kiingereza cha Kale?

Mwaka 1490 William Caxton, mtu aliyeanzisha uchapaji wa vitabu Uingereza, alisimulia katika dibaji ya kitabu alichokichapa kisa cha wafanyabiashara waliotoka mto Thames kwenda Zeeland. Upepo ukawakatikia, wakateremka pwani ya Kent kutafuta chakula. Mmoja akabisha hodi kwenye nyumba moja akaomba mayai, akayaita "egges". Mama mwenye nyumba akajibu kwamba yeye hajui Kifaransa. Mgeni akapandwa na hasira, maana hata yeye Kifaransa hakukijua! Mwenzake alipotaja "eyren", mama akaelewa papo hapo.

Kisa hiki hutajwa sana kuonyesha jinsi lahaja zilivyotofautiana. Kwangu uzito wake uko kwingine. "Eyren" ndilo neno la Waanglo-Saksoni. "Egges" lililetwa na Waskandinavia. Mama alisikia ugeni, akawatwika Wafaransa. Simulizi iliyozoeleka ya historia ya Kiingereza nayo inakosea vivyo hivyo: kila badiliko kubwa linahesabiwa kuanzia mwaka 1066, William wa Normandy aliposhinda vita vya Hastings na Kifaransa kikaingia ikulu.

Kwamba Kifaransa kilijaza msamiati wa mahakama, utawala na mapishi, hakuna ubishi. Lakini msamiati haubomoi sarufi. Neno kitabu tulilipata kwa Waarabu, nasi bila kusita tukasema vitabu, tukalipatanisha: kitabu kizuri, vitabu vizuri. Kiarabu hakikugusa ngeli zetu.

Kiingereza cha Kale kilikuwa na jinsia tatu za nomino, na miishio iliyoonyesha nani katenda, nani katendwa, nani mwenye kitu, nani kapewa. Karibu yote hayo yalitoweka. Kumbukumbu za watawa wa Peterborough, zilizoandikwa hadi 1154, zinatupa ushahidi mzuri. Kurasa zake za mwisho zina maneno machache sana ya Kifaransa, ilhali miishio tayari imeporomoka. Na Peterborough ilikuwa ndani ya Danelaw, eneo walikolowea Waskandinavia tangu karne ya 9, ambako mpaka leo kuna miji kama Derby, Grimsby na Whitby, yenye kiishio chao "-by". Kent, iliyotazamana na Ufaransa ng'ambo ya bahari, ilihifadhi miishio ya kale kwa muda mrefu zaidi. Kama kosa lingekuwa la Wafaransa, tungetarajia kinyume chake.

Inaelekea mambo yalikwenda hivi: mizizi ya maneno ya Kiingereza na ya lugha ya Waskandinavia ilifanana, miishio ndiyo iliyowapiga chenga wasemaji. Watu wanaouziana ng'ombe na kuoana hushika mzizi na kumeza kiishio. Kweli, silabi za mwisho zisizo na mkazo zilikwisha anza kufifia zenyewe. Waskandinavia waliusukuma ukuta uliokuwa unayumba.

Viwakilishi vinanishawishi zaidi. Sisi tulichukua sita, saba na tisa kutoka Kiarabu, lakini wao imebaki wao. Waingereza waliacha "hie" yao wakashika "they" ya Waskandinavia, kisha polepole "their" na "them". Mshairi Chaucer, mwishoni mwa karne ya 14 London, alikuwa anaandika "they" huku bado aking'ang'ania "hem" ya kale badala ya "them". Kifaransa, pamoja na karne zake tatu ikulu, hakikuingiza hata kiwakilishi nafsi kimoja.