Mashapo ya Mto Kalambo: Kumbukumbu ya Mafundi wa Miaka Nusu Milioni Iliyopita

Wageni wengi wanaofika katika Maporomoko ya Kalambo, mpakani mwa Mkoa wa Rukwa na nchi jirani ya Zambia, huyatazama maji yanayoanguka kwa zaidi ya mita 200 yakielekea Ziwa Tanganyika. Ni wachache wanaogeuka kutazama mto unakotoka. Juu ya maporomoko hayo, upande wa Zambia, lipo bonde dogo ambamo Mto Kalambo umekuwa ukitandaza mchanga, changarawe na udongo wa mfinyanzi kwa mamia ya maelfu ya miaka. Ndani ya mashapo hayo ndimo yalimopatikana magogo mawili yaliyounganishwa kwa mkato wa makusudi, yenye umri wa takribani miaka 476,000. Hadi sasa huo ndio ushahidi wa kale kuliko wote unaojulikana wa binadamu kutumia mbao katika ujenzi.

Makala haya yanaeleza namna mashapo ya mito yanavyohifadhi habari za mazingira ya kale na za mafundi wa zama hizo, jinsi wataalamu wanavyozisoma habari hizo, na sababu ya kumtaka mwananchi anayechimba mchanga au kulima kando ya mto asiziondoe mahali pake.

Mto kama mtunza kumbukumbu

Mto hubeba na hutua. Maji yaendayo kasi husukuma kokoto na changarawe. Yakipungua kasi huacha mchanga. Yakisimama katika vidimbwi hutulia na kuacha udongo laini. Kwa hiyo mtaalamu anayekagua ukingo uliokatwa wima huweza kutambua, kwa kutazama ukubwa wa chembe na mpangilio wake, mahali ambapo palikuwa mkondo, palipokuwa ufuko na palipokuwa tope la mafuriko. Kwa kawaida tabaka la chini hutangulia la juu kwa umri, ingawa mto unaojichimbia njia upya huweza kuacha mashapo ya zamani juu ya ngazi za bonde na mapya chini yake.

Pamoja na mchanga huo huzikwa vitu vingine. Chavua ya maua, ambayo ni ndogo kiasi cha kuonekana kwa hadubini tu, hueleza aina ya miti na nyasi zilizokuwapo. Makombe ya konokono wa majini huonesha kama maji yalikuwa ya kasi au ya polepole, ya baridi au ya vuguvugu. Mifupa ya wanyama hueleza kama palikuwa na msitu au mbuga. Zana za mawe nazo huonesha kuwa binadamu alikuwapo na jinsi alivyofanya kazi.

Hata hivyo, mto ni shahidi anayehitaji kuhojiwa kwa uangalifu, kwa sababu huweza kuichukua zana kutoka mahali ilipotengenezwa na kuitupa mbali. Wataalamu hutazama makali yake. Jiwe lililosafirishwa na maji huwa limelainika kingo kama kokoto, ilhali lile lililofunikwa upesi mahali lilipoachwa hubaki na makali. Vipande vilivyobanduliwa vikikutwa pamoja, na vikaweza kurudishwa juu ya jiwe mama vikalingana, hapo huthibitika kuwa fundi aliketi na kufanya kazi mahali hapo hapo.

Vipindi vya joto kati ya zama za barafu

Kwa mamia ya maelfu ya miaka hali ya hewa ya dunia imekuwa ikipanda na kushuka. Katika zama za barafu, sehemu kubwa za kaskazini mwa Ulaya na Amerika zilifunikwa na barafu nene. Kati ya zama hizo vilikuwapo vipindi vya joto, kama hiki tunachoishi sasa kilichoanza takribani miaka 11,700 iliyopita.

Mfano unaofahamika sana ni wa Mto Thames nchini Uingereza. Katika machimbo ya changarawe ya Swanscombe, mkoani Kent, vilipatikana vipande vitatu vya fuvu la binadamu wa kale, cha kwanza mwaka 1935, cha pili mwaka 1936 na cha tatu mwaka 1955. Vyote vitatu vilikuwa vya fuvu moja. Umri wake unakadiriwa kufikia miaka 400,000, yaani ndani ya kipindi kirefu cha joto kilichofuata barafu kubwa. Tabaka za chini za Swanscombe zina mifupa ya wanyama wa msituni na zana za vipande vya mawe visivyo na mashoka ya mkono. Tabaka za juu yake zina dalili za nchi iliyo wazi zaidi, pamoja na mashoka ya mkono kwa wingi. Badiliko hilo lisingejulikana iwapo vitu vyote vingekusanywa katika kapu moja bila kuandikwa kila kimoja kilitoka tabaka gani.

Katika nyanda zetu za tropiki barafu haikufika, isipokuwa juu ya milima mirefu. Hata hivyo mabadiliko hayo ya dunia yalifika kwa njia ya mvua na ukame: maziwa yalijaa na kupungua, misitu ilitanuka na kurudi nyuma, na mito ilibadili mwendo wake. Ndiyo maana bonde la Kalambo lina thamani kubwa. Historia hiyo imeandikwa humo tabaka juu ya tabaka.

Ugunduzi wa Kalambo

Eneo la Kalambo lilitambuliwa mwaka 1953 na mwanaakiolojia J. Desmond Clark, ambaye wakati huo aliongoza makumbusho ya mjini Livingstone. Uchimbaji alioufanya katika miaka ya 1950 na 1960 ulifukua zana za mawe za zama mbalimbali, zikiwamo mashoka ya mkono, na vipande vya miti iliyokuwa imehifadhiwa na maji. Matokeo yake yalichapishwa katika juzuu tatu, ya mwisho ikitoka mwaka 2001. Baadhi ya miti hiyo ilionekana kama iliyochongwa, lakini ushahidi wa wakati huo haukutosha kukata shauri, wala umri wake haukuweza kupimwa kwa uhakika.

Mwaka 2019 watafiti wakiongozwa na Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool walichimba tena kando ya mto. Chini ya usawa wa maji walikuta gogo lililolala juu ya jingine kwa kukingamana, likiwa na mkato wenye umbo la herufi U uliolikalia gogo la chini. Alama za kukata na kukwangua zilionekana wazi. Matokeo yalitangazwa Septemba 2023 katika jarida la kisayansi la Nature. Watafiti wanaona kuwa huenda magogo hayo yalikuwa sehemu ya jukwaa, njia ya kupitia juu ya tope au msingi wa kibanda katika uwanda uliokuwa ukifurika. Katika tabaka nyingine zenye umri wa kati ya miaka 390,000 na 324,000 zilipatikana zana nne za mti: kabari, muo wa kuchimbia, gogo lililokatwa na tawi lenye mkato.

Kwa kawaida mti huoza ndani ya miaka michache. Huko Kalambo maji ya ardhini yaliyafunika magogo hayo daima, hewa ya oksijeni haikuyafikia, na vijidudu vinavyoozesha mti havikuweza kufanya kazi yake. Mifupa haikuhifadhika, hivyo haijulikani kwa hakika ni binadamu wa jamii gani aliyeyachonga. Linalojulikana ni kwamba kazi hiyo ilitangulia masalia ya kale zaidi yanayohusishwa na binadamu wa aina yetu, ambayo yamepatikana Jebel Irhoud nchini Morocco na kukadiriwa kuwa na miaka 300,000 hivi.

Namna umri ulivyopimwa

Kipimo cha kaboni, ambacho wengi wamekisikia, hakifai kwa vitu vinavyozidi takribani miaka 50,000. Kwa sababu hiyo, wataalamu wa Kalambo, akiwamo Geoff Duller wa Chuo Kikuu cha Aberystwyth, hawakuyapima magogo yenyewe. Walipima mchanga ulioyazunguka.

Chembe za mchanga zikipigwa na jua hupoteza nishati zilizokuwa zimejilimbikizia. Zikifunikwa na kukaa gizani huanza kujilimbikizia upya, kidogo kidogo, kutokana na mnururisho wa asili ulio ardhini. Mtaalamu huzichukua chembe hizo ndani ya bomba lisilopitisha mwanga, kisha katika maabara yenye giza huzifanya ziitoe nishati hiyo kama mwanga hafifu na kuupima. Kiasi cha mwanga hueleza muda uliopita tangu chembe hizo zilipoliona jua mara ya mwisho, yaani siku mto ulipoufunika mti.

Hapa ndipo lilipo jambo ambalo kila mwananchi anapaswa kulielewa. Umri wa magogo ya Kalambo umetokana na mchanga unaoyazunguka. Gogo lililong'olewa na kupelekwa nyumbani lisingekuwa na umri, na lingekauka, kupasuka na kuwa kuni.

Isimila na wajibu wetu

Tanzania inayo hazina ya namna hiyo. Katika korongo la Isimila, takribani kilomita 20 kutoka mjini Iringa kwa barabara iendayo Mbeya, zana za mawe ziligunduliwa mwaka 1951, na uchimbaji wa kitaalamu ukafanywa mwaka 1957 na 1958 chini ya F. Clark Howell. Mashapo yaliyoachwa na maji yalitoa mashoka ya mkono kwa wingi na mifupa ya wanyama, wakiwamo viboko. Mvua zilizochonga nguzo za udongo zinazowavutia watalii ndizo pia zinazofichua zana mpya na kuzisogeza kutoka mahali zilipozikwa.

Mahitaji ya mchanga na kokoto kwa ujenzi ni makubwa, na machimbo mengi yamo katika mabonde ya mito, mahali ambapo kumbukumbu hizi hulala. Sheria ya Mambo ya Kale, Sura ya 333, ambayo chimbuko lake ni mwaka 1964, inazuia uchimbaji wa mambo ya kale bila kibali, inazuia kuyatoa nje ya nchi bila leseni, na inamtaka anayeyagundua kutoa taarifa kwa mamlaka.

Kwa hiyo mwananchi anayekuta jiwe lililochongwa, mfupa uliogeuka jiwe au mti wenye alama za kukatwa ndani ya tabaka la kale anashauriwa kufanya haya: asimamishe kazi mahali hapo tu, asiking'oe kitu hicho wala kukiosha, akipige picha kikiwa mahali pake kama anaweza, na atoe taarifa kwa uongozi wa kijiji au mtaa, ofisi ya wilaya, au Idara ya Mambo ya Kale iliyo chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii.

Mchanga hununuliwa kwa lori na hupatikana kwingineko. Tabaka lililovurugwa halirudi, na pamoja nalo hupotea habari ya nani aliishi hapo, lini, na chini ya mvua au ukame wa namna gani.