Njia za Miguu za London na Waliozilinda

Mwishoni mwa mwaka 1896 klabu moja ya gofu ilizungusha uzio kwenye kilima cha One Tree Hill, kusini mwa London. Wakazi wa Honor Oak na mitaa ya jirani walikuwa wamezoea kukipanda wapendavyo, kupunga hewa baada ya kazi na kuwaacha watoto wacheze, bila kudaiwa senti wala ruhusa. Oktoba 1897, siku ya Jumapili, maelfu walikusanyika, wakauangusha uzio na kupanda kileleni. Jumapili iliyofuata polisi waliwekwa kulinda, na watu wakaja tena. Shauri hilo lilichukua miaka. Mwishowe halmashauri ya Camberwell ilikitwaa kilima, na mwaka 1905 kikafunguliwa kuwa bustani ya umma.

Anayefuata leo njia ya Green Chain kutoka Crystal Palace kwenda makaburi ya Nunhead hupita juu ya kilima hicho bure, na pengine hajui kwamba palipiganiwa. Ndivyo zilivyo njia nyingi za miguu katika jiji lile. Alama ya mbao iliwekwa juzi tu; haki ya kupita ilidaiwa zamani na watu wasiokuwa na cheo.

Sheria ya Uingereza ina kanuni moja ambayo wapenda matembezi wanaithamini sana: umma ukipita mahali kwa miaka 20 mfululizo kama wenye haki, bila kuzuiwa, njia hiyo huhesabika kuwa imetolewa kwa umma, mpaka mwenye ardhi athibitishe vinginevyo. Kwa hiyo kutembea kwenyewe ni ushahidi. Mwaka 1949 Bunge likaagiza halmashauri za England na Wales zichore ramani rasmi za njia hizo, ili ubishi ukome. London ya ndani haikulazimishwa kufanya hivyo. Kwa maoni yangu lilikuwa kosa kubwa, maana mjini ndiko kiwanja hupanda bei na kichochoro hupotea nyuma ya ukuta wa jengo jipya.

Mwaka 1977 halmashauri za Bexley, Bromley, Greenwich na Lewisham, pamoja na Halmashauri Kuu ya London, zilikubaliana kuyalinda maeneo ya kijani yaliyofuatana kutoka ukingo wa mto Thames hadi Crystal Palace yasimezwe na ujenzi. Njia ya miguu, ndiyo Green Chain, ikapitishwa humo kuyaunganisha. Haikuchukua muda kabla mpango huo haujajaribiwa. Serikali ilitaka kujenga barabara kuu ya kuvuka mto, na barabara hiyo ingekata msitu wa Oxleas, mmoja wa misitu ya kale iliyobaki London, ambao umri wake hukadiriwa kuwa miaka 8,000. Wakazi walipinga katika uchunguzi wa hadhara, walipeleka malalamiko hadi Tume ya Ulaya, na wengi waliahidi kusimama mbele ya matingatinga. Julai 1993 serikali iliuacha mpango wa barabara. Msitu upo, na njia inapita katikati yake.

Wakati huo jiji halikuwa na mwenyewe. Halmashauri Kuu ilikuwa imevunjwa mwaka 1986, na hadi mwaka 2000 hapakuwa na chombo kimoja cha kuisemea London nzima. Aliyetaka njia ndefu alipaswa kubisha hodi wilaya baada ya wilaya. Kazi hiyo ya kuchosha ndiyo waliyojitwika wanachama wa Ramblers, chama cha watembea kwa miguu kilichoanzishwa 1935, na wenzao wa Jukwaa la Matembezi la London. Kuanzia 1990 walikaa na maofisa wa mitaa kukubaliana kila kona: wapi pa kuvuka barabara, geti lipi liachwe wazi, nani atalipia kibao. Sehemu za kwanza za LOOP, njia inayozunguka ukingo wa nje wa jiji kwa kilomita 240 hivi, zilifunguliwa mwaka 1996. Capital Ring, mzunguko wa ndani wenye kilomita 126, ulikamilika mwaka 2005.

Capital Ring imegawanywa vipande 15 na LOOP 24, na kwa kawaida kila kipande huanza na kuishia karibu na kituo cha treni au basi. Waliopanga hivyo walimfikiria mtu asiye na gari, mwenye mapumziko ya nusu siku tu. Capital Ring yenyewe huanzia Woolwich, kwenye handaki la waenda kwa miguu lililochimbwa chini ya mto na kufunguliwa 1912 ili wafanyakazi waweze kuvuka hata kivuko kinaposimamishwa na ukungu.

Fedha za jiji kwa ajili ya njia hizi huja na kwenda. Wanachama wa Ramblers wa London ya ndani wameendelea kwa kujitolea: huandika maelezo ya kila kipande na kuyatoa bure, hutembea kukagua, huripoti kibao kilichong'olewa na daraja lililofungwa. Mwaka 2024 ilizinduliwa Green Link, kilomita 24 kutoka Epping Forest hadi Peckham, nayo pia sasa inahitaji wakaguzi.