Fahamu Jinsi Mipangilio ya Usambazaji Maudhui Inavyoamua Kasi na Usahihi wa Matangazo ya Serikali Kanda ya Ziwa

Matangazo mengi ya Serikali yanayomgusa mwananchi moja kwa moja, yakiwemo matokeo ya mitihani, nafasi za ajira, maombi ya mikopo ya elimu ya juu na utabiri wa hali ya hewa kwa watumiaji wa Ziwa Victoria, hutolewa kupitia tovuti. Kwa mkazi wa Usagara wilayani Misungwi, au wa Ukerewe, Sengerema na Ilemela mkoani Mwanza, tangazo humfaa endapo limemfikia kwa wakati na endapo alilolisoma ndilo la sasa.

Yote mawili hutegemea kwa kiasi kikubwa teknolojia iitwayo mtandao wa usambazaji maudhui. Mipangilio ya mtandao huo huandikwa na wataalamu wa TEHAMA kwa mistari michache ya programu. Kosa dogo ndani ya mistari hiyo laweza kumfanya mkazi wa Mwanza ahudumiwe kutoka Ulaya ilhali kituo cha karibu kipo Nairobi, au asome tarehe ya mwisho ya maombi ambayo imekwisha kubadilishwa.

Mtandao wa usambazaji maudhui ni nini

Kila tovuti huwa na seva ya chanzo, yaani kompyuta inayotunza kurasa, picha na nyaraka zake. Bila msaada wowote, kila anayefungua tovuti hiyo huhudumiwa na seva hiyo moja, awe yupo Dodoma, Mwanza au ng'ambo. Mtandao wa usambazaji maudhui ni mkusanyiko wa seva zilizowekwa katika miji mbalimbali duniani, ambazo hutunza nakala za maudhui hayo kwa muda na kuzitoa kwa wasomaji walio karibu nazo.

Utaratibu huu hufanana na biashara ya jumla. Mwenye duka wa Usagara, penye njia panda ya barabara ziendazo Shinyanga na Geita, hana haja ya kusafiri hadi Dar es Salaam kila anapoishiwa sukari, kwa kuwa mfanyabiashara wa jumla jijini Mwanza amekwisha kuweka shehena ghalani. Kituo cha usambazaji ni ghala, seva ya chanzo ni kiwanda, na mipangilio ndiyo maelekezo anayopewa mwenye ghala: atunze bidhaa gani, kwa muda gani, na amuuzie nani.

Faida kubwa huonekana wakati wa msongamano. Iwapo watu 10,000 waliounganishwa na kituo kimoja watafungua ukurasa uleule ndani ya dakika moja, na nakala ya ukurasa huo imepangiwa kudumu sekunde 60, kituo huweza kuiomba seva ya chanzo nakala moja tu na kuwahudumia wote kwa nakala hiyo. Chanzo husalia na nguvu ya kufanya kazi nyingine, nao wananchi hawakutani na ukurasa mtupu.

Umbali na maana yake kwa Mwanza

Mwanga ndani ya mkongo wa mawasiliano husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Njia ya mkongo yenye urefu wa kilomita 10,000 kuelekea Ulaya huhitaji walau milisekunde 100 kwa safari ya kwenda na kurudi. Kivinjari hakisafiri mara moja tu: hufungua mawasiliano, hukubaliana na seva kuhusu usimbaji fiche, kisha ndipo huomba ukurasa. Safari tatu hufikisha milisekunde 300 kabla ya herufi ya kwanza kuonekana, na ukurasa wenye picha na faili nyingi huongeza safari nyingine. Kwa njia ya kilomita 1,000, safari hizo tatu huchukua takriban milisekunde 30.

Umbali huongeza pia uwezekano wa hitilafu. Mei 12, 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipata hitilafu kusini mwa pwani ya Afrika Mashariki, na huduma za intaneti zikayumba Tanzania na katika nchi jirani. Tukio hilo lilionesha kuwa maudhui yanayotunzwa mbali huathirika zaidi njia ya baharini inapokatika. Ndani ya nchi, Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano umeunganishwa na nchi jirani zikiwemo Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi, na vipo vituo vya kubadilishana mawasiliano ya intaneti katika miji kadhaa ikiwemo Dar es Salaam, Arusha na Mwanza. Miundombinu hiyo huleta manufaa kamili pale maudhui yenyewe yanapotunzwa karibu.

Maktaba ya programu na kazi yake

Huduma za usambazaji maudhui hutolewa na kampuni mbalimbali. Mfano unaotumika hapa ni CloudFront ya kampuni ya Amazon, iliyoanza mwaka 2008, kwa sababu nyaraka zake ziko wazi kwa yeyote. Mfano huu si maelekezo ya kuchagua kampuni hiyo. Mtaalamu anaweza kupanga huduma hiyo kwa kubofya vitufe katika tovuti ya mtoa huduma, au kwa kutumia maktaba ya programu, yaani mkusanyiko wa amri zilizokwisha kuandaliwa ambazo programu yake huziita. Kwa lugha ya Python, maktaba hiyo ni Boto3, ambayo ni programu huria.

Kutumia maktaba kuna manufaa ya kiutawala. Mipangilio iliyoandikwa kama programu hubaki katika kumbukumbu, hukaguliwa na mtaalamu wa pili kabla ya kutekelezwa, na hurudiwa vilevile kwa tovuti nyingine. Mipangilio iliyofanywa kwa kubofya mara nyingi hubaki kichwani mwa aliyeifanya, na mtumishi huyo akihamishwa kituo cha kazi, elimu hiyo huondoka naye.

Katika Boto3, amri ya create_distribution huunda msambazo, yaani seti moja ya mipangilio inayohusu tovuti fulani. Amri hiyo hudai mambo machache ya lazima: alama ya kipekee ya ombi iitwayo CallerReference, ambayo huzuia ombi lilelile lisitekelezwe mara mbili, maelezo mafupi ya msambazo, anwani ya seva ya chanzo, kanuni za msingi za kuhudumia maombi, na tamko la iwapo msambazo uanze kazi. Chini ya kanuni za msingi, mtaalamu huelekeza pia kwamba anayefika kwa anwani isiyo na usimbaji fiche ahamishiwe kwenye iliyo salama. Baada ya amri kupokelewa, mipangilio husambazwa kwenye vituo vyote, kazi ambayo huweza kuchukua dakika kadhaa.

Eneo la huduma na gharama

Kipengele kinachostahili kuangaliwa kwa makini zaidi na taasisi za Tanzania ni PriceClass, ambacho huamua maeneo yatakayotumika kulingana na gharama. Ngazi ya bei ya chini kabisa, PriceClass_100, huhusisha vituo vya Amerika Kaskazini, Ulaya na Israel. Afrika haimo. Ngazi ya PriceClass_200 huongeza maeneo mengine, yakiwemo ya Afrika, ambako Nairobi ni miongoni mwa miji yenye vituo. Ngazi ya PriceClass_All hutumia vituo vyote, na ndiyo inayotumika iwapo mtaalamu hakutaja chochote.

Anayenakili mfano ulioandikwa kwa ajili ya wasomaji wa Marekani au Ulaya anaweza kuikuta ngazi ya kwanza humo na kuiacha ilivyo kwa kuwa ni nafuu. Tovuti itafanya kazi, wala hakuna onyo litakalotolewa. Hata hivyo, kwa kawaida ombi la mkazi wa Mwanza litavuka bahari kwenda Ulaya kufuata tangazo lililoandikwa Dodoma. Katika hali hiyo, taasisi hulipia huduma ya kusogeza maudhui karibu, huku wananchi inaowahudumia wakiwa nje ya eneo lililochaguliwa.

Muda wa nakala na hatari ya tangazo la jana

Nakala iliyo katika kituo hupewa muda wa kudumu. Iwapo seva ya chanzo haikutoa maelekezo yake yenyewe, muda wa kawaida wa CloudFront ni sekunde 86,400, sawa na saa 24. Kwa nembo ya taasisi, muda huo unafaa. Kwa ukurasa wa matangazo, unaweza kuleta madhara: taasisi ikisahihisha tarehe ya usaili saa tatu asubuhi, kituo chaweza kuendelea kutoa tarehe ya zamani hadi siku inayofuata.

Suluhisho la kwanza ni kutenganisha aina za maudhui. Picha na faili zisizobadilika hupewa muda mrefu, na kurasa za habari hupewa muda mfupi, kwa mfano sekunde 60. La pili ni kubadili jina la faili kila inapotolewa upya, ili nakala ya zamani isichanganywe na mpya. La tatu ni kubatilisha nakala kwa amri ya create_invalidation, inayoviagiza vituo kuacha kutumia nakala za kurasa zilizotajwa. Njia 1,000 za kwanza kwa mwezi hubatilishwa bila malipo chini ya utaratibu wa kawaida wa malipo, hivyo gharama si sababu ya kuacha tangazo lenye makosa likiendelea kusomwa.

Nakala zina manufaa mengine pia. Seva ya chanzo ikishindwa kufikika, kituo huweza kuendelea kutoa nakala ya mwisho kiliyonayo. Kwa mvuvi anayetafuta tahadhari ya upepo mkali ziwani, ukurasa wenye tarehe na saa ya kutolewa ni muhimu, kwa kuwa humwezesha kujua kama anachokisoma bado kina nguvu.

Kurasa zenye taarifa binafsi

Ukurasa unaofunguka baada ya mtu kuingiza nywila haupaswi kutunzwa kama nakala ya pamoja. Kituo kikielekezwa kutunza kurasa zote bila kutofautisha watumiaji, ukurasa wa mwombaji mmoja unaweza kuoneshwa kwa mwingine. Kurasa za namna hiyo hupangiwa kanuni ya peke yake inayozuia utunzaji wa nakala, na kila ombi hupelekwa seva ya chanzo.

Jambo hili lina uzito wa kisheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo ilianza kutumika Mei 1, 2023, inaweka masharti kuhusu ukusanyaji, uchakataji na usafirishaji wa taarifa binafsi nje ya nchi. Kwa taasisi za umma, matumizi ya TEHAMA husimamiwa pia na Mamlaka ya Serikali Mtandao chini ya Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019. Ni muhimu taasisi kupata mwongozo wa Mamlaka hiyo kabla ya kuingia mkataba na mtoa huduma yeyote.

Kubadili mipangilio bila kuvuruga

Amri ya update_distribution haipokei kipengele kimoja pekee. Hupokea mipangilio yote upya. Mtaalamu husoma kwanza mipangilio iliyopo, huchukua alama ya toleo iitwayo ETag, hubadili anachokusudia, kisha hurejesha yote pamoja na alama hiyo. Kama mwenzake amekwisha kubadili mipangilio katikati ya kazi, alama haitalingana na ombi litakataliwa. Ukataaji huo ni kinga, kwani huzuia kazi ya mtumishi mmoja kufutwa na mwingine bila kukusudia.

Mambo ya kuzingatia kwa mwananchi

Mwananchi anayefuatilia tangazo anashauriwa kuhakikisha kuwa anwani ya tovuti inaishia na .go.tz, kuangalia tarehe ya kutolewa, na kuupakia ukurasa upya kabla ya kuchukua uamuzi unaotegemea tarehe. Akiona maelezo yaliyo kwenye tovuti yanatofautiana na yaliyotangazwa na taasisi kwa njia nyingine rasmi, aijulishe taasisi husika, akitaja mahali alipo na saa aliyoufungua ukurasa. Taarifa hizo mbili humsaidia mtaalamu kutambua ni nakala gani iliyopitwa na wakati na kuibatilisha.