Mpiga Kinanda wa Stoke Newington

Bibi alipozikwa Kenya, sisi tulikuwa London tukifuatilia mazishi kwa simu. Waombolezaji walipoanza kuimba "Kaa Nami", maneno mengi yalinipita, lakini tuni niliijua. Ndiyo inayoimbwa kabla ya fainali ya Kombe la FA tangu mwaka 1927! Mama alishangaa. Miaka yote alidhani ni wimbo wa kwetu.

Aliyeitunga ni William Henry Monk, aliyezaliwa London mwaka 1823. Akiwa na miaka 18 tayari alikuwa mpiga kinanda wa kanisa. Mwaka 1852 alianza kazi katika kanisa la St Matthias, Stoke Newington, akabaki hapo mpaka alipofariki mwaka 1889. Alitaka waumini wote waimbe, si kwaya peke yake.

Mwaka 1861 kilitoka kitabu cha nyimbo 273, Hymns Ancient and Modern, na Monk ndiye aliyekuwa mhariri wake wa muziki. Humo mlikuwa na maneno ya Henry Francis Lyte, kasisi wa Brixham aliyefariki mwaka 1847. Lyte aliyatungia tuni yake mwenyewe, lakini haikushika. Monk akatunga nyingine, akaiita "Eventide". Tuni hiyo haipandi mno wala haishuki mno: inatembea kati ya do na la tu. Mtu asiyejua kusoma nota anaishika upesi, hata akiwa analia.

Nadhani ndiyo maana ilifika mbali kuliko jina la mwenyewe. Kitabu cha bibi kina maneno tu, hakina nota. Jina la Monk halimo, na la aliyeyatia maneno yale katika Kiswahili halimo pia. Wote wawili wamefichwa na kazi yao.

Lakini mimi nilichorithi bila jasho ni kile cha Monk, kwa sababu tuni haihitaji kamusi. Kile cha mfasiri, yaani Kiswahili chenyewe, kilikuwa kinanipotea. Wiki ile nilimwomba mama anifundishe beti moja baada ya nyingine. Tulipokutana kwa arobaini ya bibi, sikuishia kuguna tuni. Niliimba.