Kutoka Milima ya Chai hadi Kilindini: Vita vya Nyambizi katika Bahari ya Hindi, 1942–1944

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, karibu kila kilichotoka Kericho kwenda ng'ambo kilipita mlango mmoja. Masanduku ya chai yalipelekwa kwa lori hadi stesheni ya Lumbwa, ambayo leo ni Kipkelion, yakapanda treni ya pwani na kuteremshwa katika bandari ya Kilindini, Mombasa. Vijana wa Kipsigis walioandikwa jeshini nao walishuka kwa reli hiyohiyo. Kutoka Kilindini kwenda mbele, safari ilikuwa mikononi mwa chombo ambacho wengi wa nyanda za juu hawakupata kukiona kwa macho: nyambizi. Nyambizi za Japani na Ujerumani ziliwinda meli kuanzia Bukini hadi Ghuba ya Uajemi, na nyambizi za Uingereza zikawinda wawindaji hao karibu na bandari walizotokea.

Mashamba ya chai yenyewe yalikuwa zao la vita vya awali. Mwaka 1919 serikali ya kikoloni ilitenga takriban ekari 25,000 za ardhi ya Kipsigis karibu na Kericho kwa ajili ya maofisa wa Kiingereza waliolemazwa katika Vita vya Kwanza. Walikusudia kulima kitani. Bei ya kitani ikaporomoka, mpango ukavunjika, lakini ardhi haikurudishwa kwa wenyewe. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni ya Brooke Bond, na baada yake kampuni ya James Finlay, zilianza kupanda chai katika eneo hilo. Wakulima wa Kiafrika hawakuruhusiwa kupanda zao hilo. Wakipsigis wengi waliona afadhali kulima mahindi kwa plau, kuyasaga kwa vinu vya maji na kuuza posho kwa mashamba makubwa, huku wachuma chai wengi wakitoka Nyanza na Gusii. Bomet, iliyokuwa sehemu ya wilaya ya Kericho, ilikuwa nchi ya ng'ombe na mahindi. Chai ya wakulima wadogo ingefika huko baada ya vita kwisha.

Uingereza ilianza kugawa chai kwa kipimo mwezi Julai 1940, aunsi 2 kwa kila mtu kwa wiki. Mapema mwaka 1942 Wajapani waliteka Java na Sumatra, na chai ya visiwa hivyo ikatoweka sokoni. Chai ya Afrika Mashariki ilikuwa kidogo sana ikilinganishwa na ya Assam na Ceylon, na si haki kudai kwamba Kericho ilishikilia kikombe cha Mwingereza. Hata hivyo kila jani lililonunuliwa lilihitaji nafasi melini, na meli ndizo zilizokuwa adimu.

Upande wa askari, maofisa wa Kiingereza walikuwa wamejijengea imani kwamba Wakipsigis na Wanandi ni watu wa vita kwa asili, wakawaandika kwa wingi katika jeshi la King's African Rifles, yaani Keya. Vikosi vya Afrika Mashariki vilipigana kwanza na Waitalia huko Somalia na Ethiopia mwaka 1941. Kuanzia 1942 vilianza kuvushwa bahari.

Mwaka huo ndio bahari ilipobadilika. Mwezi wa Aprili manowari za Japani zilishambulia Ceylon kwa ndege. Admirali James Somerville, mkuu wa kundi la manowari za Uingereza katika Bahari ya Hindi, aliona ngome zake huko si salama tena, na sehemu kubwa ya kundi hilo ikahamia Kilindini. Bandari iliyozoea meli za mizigo ikajaa manowari. Shule ya Allidina Visram mjini Mombasa iligeuzwa kituo cha wataalamu wa kufumbua siri za redio za adui, na humo ndimo ilimofumbuliwa lugha ya siri iliyotumiwa na meli za biashara za Japani. Ni moja ya kazi muhimu zaidi za kijasusi zilizowahi kufanyika katika ardhi ya Kenya, na ilifanyika katika madarasa ya wanafunzi.

Wajapani nao hawakukaa mbali. Mwezi Mei 1942 nyambizi I-30, iliyobeba ndege ndogo ya kukunjwa, iliirusha ndege hiyo kupeleleza Zanzibar na Dar es Salaam. Tarehe 30 Mei nyambizi mbili kubwa ziliachia nyambizi vibete, za watu wawili wawili, katika bandari ya Diego Suarez huko Bukini, ambayo Waingereza walikuwa wameiteka wiki chache nyuma kutoka kwa Wafaransa wa serikali ya Vichy. Manowari Ramillies iliharibiwa na meli ya mafuta British Loyalty ikazama. Wiki zilizofuata, hadi Julai, nyambizi za Japani zilizamisha zaidi ya meli 20 za biashara katika mlango wa bahari wa Msumbiji. Septemba 1942 Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki ilitua Majunga na kusonga hadi Antananarivo, na kwa njia hiyo Waingereza wakawanyima adui nafasi ya kupata maficho Bukini.

Kati ya nyambizi za Japani, mojawapo iliyoacha alama kubwa ni I-27. Ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 100, kubwa kuliko nyambizi nyingi za Uingereza. Safari zake za mwanzo zilifika hadi Australia: ndiyo iliyobeba moja ya nyambizi vibete zilizoingia bandari ya Sydney usiku wa 31 Mei 1942. Mwaka 1943 ilikuwa chini ya Kamanda Fukumura Toshiaki na makao yake yalikuwa Penang, katika Malaya iliyotekwa. Kutoka huko ilivuka bahari mara kwa mara kuvizia njia za Ghuba na Aden. Mwezi Juni mwaka huo iliipiga meli Dah Pu palepale kwenye maji ya Maskati.

Penang ilitumiwa pia na Wajerumani, kwa hiyo ikawa shabaha ya nyambizi za Uingereza zilizohudumiwa na meli mama Adamant kule Trincomalee, Ceylon. Kazi yao ilikuwa kulala nje ya lango na kungoja. Tarehe 13 Novemba 1943 nyambizi Taurus ilizamisha I-34 ilipokuwa ikikaribia bandari. Ilikuwa mara ya kwanza nyambizi ya Kiingereza kuzamisha ya Kijapani. Tarehe 11 Januari 1944 nyambizi Tally-Ho, chini ya Leslie Bennington, iliizamisha manowari kubwa ya Japani iitwayo Kuma. Ulinzi huo ulikuwa mkali, lakini nyambizi chache haziwezi kuziba mlango wa bahari usiku na mchana. Mwanzoni mwa Februari I-27 ilichomoka Penang na kuelekea magharibi bila kuguswa.

Siku hizohizo, msafara uliopewa jina KR 8 ulikuwa unaondoka Kilindini kwenda Colombo. Ulikuwa na meli 5 za abiria: City of Paris, Varsova, Ekma, Ellenga na Khedive Ismail. Hii ya mwisho ilijengwa Scotland mwaka 1922 kwa ajili ya kampuni ya Chile, ikauzwa kwa Wamisri mwaka 1935, kisha ikachukuliwa na Waingereza kusafirisha askari. Ilibeba watu 1,511. Kati yao 996 walikuwa maofisa na askari wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, waliokuwa wakienda kujiunga na wenzao Ceylon kwa maandalizi ya vita vya Burma. Walikuwamo pia mabaharia wa jeshi la maji, wauguzi zaidi ya 50, wanawake wengine wa utumishi wa kijeshi, na mwandishi Kenneth Gandar-Dower, ambaye miaka ya nyuma alikuwa amewapeleka duma wa Kenya London washindane mbio mbele ya watazamaji.

Walinzi walikuwa watatu: Hawkins, manowari kubwa ya zamani isiyofaa kuwinda nyambizi, na manowari mbili ziendazo kasi, Petard na Paladin. Ulinzi huo ulikuwa mwembamba kwa meli 5 zilizojaa watu. Petard, hata hivyo, haikuwa manowari ya kawaida. Mwezi Oktoba 1942, karibu na pwani ya Misri, iliilazimisha nyambizi ya Kijerumani U-559 kuibuka. Mabaharia wake wakaingia ndani na kutoa vitabu vya siri vilivyowasaidia Waingereza kusoma tena ujumbe wa nyambizi za Ujerumani katika Atlantiki. Wawili kati yao, Fasson na Grazier, walizama pamoja na nyambizi hiyo. Desemba ya mwaka huohuo Petard ikashiriki kuiangamiza nyambizi ya Kiitalia, Uarsciek.

Jumamosi ya 12 Februari 1944, mchana, msafara ulikuwa karibu na visiwa vya Maldivi. Ndani ya Khedive Ismail abiria wengi walikuwa chini ukumbini, wakisikiliza burudani ya muziki. Topido mbili ziliipiga meli ubavuni. Haikuchukua zaidi ya dakika 3 kuzama. Hapakuwa na nafasi ya kushusha mashua, na waliokuwa vyumba vya chini hawakuweza kupanda ngazi. Walikufa watu 1,297. Waliopona walikuwa wanaume 208 na wanawake 6 tu. Ni miongoni mwa maafa makubwa kabisa ya meli upande wa Washirika katika vita vyote.

Kilichofuata ndicho kinachowasumbua wanahistoria hadi leo. I-27 ilijificha chini ya maji palepale walipokuwa wakielea walionusurika. Paladin ilishusha mashua kuwaokoa, lakini kamanda wa Petard, Rupert Egan, alikuwa na hesabu nyingine kichwani: meli 4 zilizobaki zilikuwa na maelfu ya watu, na nyambizi isiposukumwa mbali ingeweza kupiga tena. Akaamuru mapipa ya baruti, yale yanayolipuka chini ya maji, yatupwe karibu na watu waliokuwa wakiogelea. Baadhi yao waliuawa na milipuko hiyo. Uamuzi huo unatetewa kwa kanuni za vita, na kwa kanuni hizo una mantiki. Bado ni vigumu kuukubali ukikumbuka kwamba waliokuwa majini walikuwa wametoka bandari moja na waliotupa mapipa.

Milipuko iliilazimisha I-27 kuibuka. Mizinga ya manowari zote mbili iliifyatulia, lakini makombora yake hayakuweza kupasua ngozi nene ya nyambizi. Paladin ikaelekeza omo yake ili kuigonga. Egan aliona kugongana kungeivunja Paladin yenyewe, akaipa amri ya kugeuka. Amri ikachelewa kidogo, na bawa la nyambizi likachana ubavu wa manowari kwa mpasuo mrefu. Petard ikabaki kufyatua topido, moja baada ya nyingine, kwa shabaha iliyokuwa ikizunguka polepole. Sita zilikosa. Ya saba ilipata, na I-27 ikakatika. Mjapani mmoja tu ndiye aliyenusurika. Paladin ilikokotwa hadi Addu, kisiwa cha kusini kabisa mwa Maldivi, na walionusurika wa Khedive Ismail wakapelekwa hukohuko. Petard ikawa manowari pekee iliyohusika kuzamisha nyambizi za nchi zote tatu: Ujerumani, Italia na Japani.

Kule Penang, siku mbili baadaye, Tally-Ho ilizamisha UIT-23, nyambizi ya Kiitalia iliyokuwa imechukuliwa na Wajerumani. Usiku wa 24 Februari ikakutana na meli ndogo ya kivita ya Kijapani iliyopita karibu mno hata rafadha yake ikachana matangi ya upande mmoja wa nyambizi kama msumeno. Bennington alirudi Trincomalee na chombo kikiwa kimeinama upande, akafika salama na mabaharia wake wote.

Vita vya nyambizi katika maji ya Afrika Mashariki havikuishia hapo. Agosti 1944 nyambizi ya Kijerumani U-198 ilizamisha meli mbili karibu na pwani ya Msumbiji na Tanganyika, kisha nayo ikaangamizwa karibu na Shelisheli. Kufikia wakati huo Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo iliundwa mwaka 1943, ilikuwa ikipigana katika bonde la Kabaw nchini Burma, na mwisho wa mwaka ikavuka mto Chindwin. Wapiga mizinga wa Kikosi cha 301 waliozama hawakuwahi kufika. Majina yao yamechongwa kwenye Mnara wa Kumbukumbu wa Afrika Mashariki katika makaburi ya vita ya Nairobi, njia ya Ngong, pamoja na ya wengine wasio na kaburi linalojulikana: waliokufa Ethiopia, Bukini na baharini.

Tally-Ho na Petard zote mbili ziliuzwa kuwa vyuma chakavu mwaka 1967. Mgawo wa chai Uingereza uliendelea hadi Oktoba 1952, miaka 7 baada ya vita kwisha, na mwishoni mwa muongo huo wakulima wadogo wa Kericho na Bomet walikuwa wameanza kupanda miche yao wenyewe ya chai.